Ulipomkatiza Spesioza

Mwalimu Gervas,

Leo sikuamkii. Miaka yote nilikuamkia hata ulipokuwa umeninunia, ukaitikia marahaba huku unatazama migomba, kwa hiyo usishangae. Mimi ni mzima. Kuhusu hali yako sina hofu wala shaka, maana nilikuwapo walipokufukia, na udongo nilitupa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikasonga ugali na kula, nikashangaa kwamba ninasikia njaa.

Nikupe habari za kigango. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi yako kwaya tulisimama watu kumi na wanne, vitabu mikononi, tukangoja. Padri alikuwa amekwisha kuingia. Tulikuwa tunangoja nini? Wewe utoe sauti. Miaka yote tumeimba bila kinanda, wewe unaguna so, mi, do, kila mmoja anachukua yake, tunaanza. Hakuna aliyewahi kujifunza kutoa sauti kwa sababu hukumruhusu mtu. Katekista akakohoa. Mwishowe nikatoa mimi, nikaitoa juu mno, wasichana wa sauti ya kwanza wakalia kama kuku waliokanyagwa, na watoto wa mabenchi ya mbele wakacheka mpaka mama zao wakawafinya. Ungekuwapo ungetoka nje.

Lingine ni ngoma. Imeingia kanisani. Vijana wameinunua kwenye kambi ya wakimbizi Warundi, ngoma nzito ya mti, wameiweka palepale ulipokuwa unasimama wewe. Wanawake wanapiga makofi. Wakati wa kupeleka vipaji wengine wanacheza, mabega tu, bado wanakuogopa. Yale makaratasi ya mifuko ya saruji uliyokuwa ukiyageuza na kuandikia nota kwa mkaa, Katekista ameyabandua ukutani. Nilimwona akiyakunja vizuri, hakuyatupa. Mimi ningeyatupa.

Katekista anataka kwaya niichukue mimi. Alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda, akakataa hata maji, akasema, "Leokadia, Mwalimu alikurithisha wewe. Nani mwingine?" Jumapili hii ni arobaini yako, Padri atakuja, na watu wanataka tuimbe kitu cha kukukumbuka. Nilimwambia nitafikiri.

Kwamba ulinirithisha ni kweli, sitakataa. Nilikuwa darasa la tano uliponishika mkono wa kushoto ukanionyesha kwamba viungo vya vidole vinatosha nota zote, mtu akiwa na mkono hahitaji kitabu. Nikawa naimba shambani, napalilia maharage kwa mkono mmoja na mwingine nauhesabu. Siku nilipoipata ti bila kuteleza ulinigawia hindi lako la kuchoma, ukalivunja katikati, ukanipa kipande kikubwa. Baba yangu hakuwahi kunipa kipande kikubwa cha kitu chochote. Nilikupenda, Mwalimu. Hilo naliandika mara moja tu na sitalirudia.

Sasa tuje kwenye mwaka ule watu walipovuka mpaka kutoka Burundi, vilima vyetu vikajaa maturubai. Mwaka huohuo surua ilimchukua Anyesi wangu. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameanza kusema "toka" kwa mbuzi. Siku ya kumzika uliniita pembeni kabla sanduku halijafika, nikadhani unanipa pole. Ukasema, "Sauti ya pili ni wewe peke yako. Usilie. Ukilia utaushusha wimbo, na wenzako wote watashuka na wewe." Nikasema ndiyo Mwalimu.

Nikaimba. Nilimzika mwanangu bila kukosea nota. Wanawake wengine walikuwa wanajigaragaza chini kwa ajili yangu na mimi nimesimama wima natazama mkono wako unavyopanda na kushuka. Tulipomaliza ulinigusa bega ukasema nimefanya vizuri, na nakuapia, kwa dakika moja nilifurahi. Ndiyo maana nakuchukia kidogo zaidi ya unavyostahili. Ulinifanya nifurahie sifa kwenye kaburi la mtoto wangu.

Baada ya pale sikuweza kusali. Sisemi kwamba niliacha. Nilikuja mazoezini, nilikuja Misani, mdomo ulifunguka, sauti ya pili ikatoka safi kama ulivyotaka, na ndani hakuna kitu. Nilipokea komunyo kama mtu anayemeza karatasi. Nilikutafuta baada ya mazoezi, ukiwa unafuta mikono mkaa, nikakuambia, "Mwalimu, siku hizi nikiimba simsikii Mungu." Unakumbuka ulivyonijibu? "Hukuja hapa kumsikia. Umekuja ili yeye akusikie. Na fa yako inalala, irekebishe."

Nikairekebisha fa.

Halafu akaja Spesioza. Sikumjua jina wakati ule. Alikuwa mmoja wa wakimbizi waliokuwa wanapita kigangoni wakitoka kutafuta kuni, wanaingia na vumbi lao, wanakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Alikuwa wa rika langu. Alifunga mbeleko mgongoni, na kwa muda mrefu nilidhani ana mtoto mpole sana.

Jumapili ile, baada ya komunyo, ulikuwa umeinua mkono kutunyamazisha. Kile kimya chako. Ulikipenda kuliko nyimbo zako, kanisa zima linakaa bila kukohoa mpaka wewe ushushe mkono. Katikati ya kimya hicho yule mwanamke akaanza. Alianza chini, huku anajitikisa mbele na nyuma. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea mtoto, wa Kirundi, na kwetu Wahangaza Kirundi si lugha ya kutafsiriwa, ni maneno ya jikoni kwa mama. Lala mwanangu, mgongo wa mama upo, mvua imepita upande wa pili. Vikongwe wa mabenchi ya mbele waligeuka wote. Mimi nilikuwa upande wa kwaya, namwona kwa ubavu, nikaona mbeleko imelegea. Hakuna mtoto. Alikuwa anaubembeleza mgongo mtupu.

Kuna mahali katika wimbo ule sauti yake ilipanda, haikufika ilikokuwa inakwenda, ikabaki inaning'inia. Hapo ndipo nilipopasuka. Nililia, Mwalimu, machozi yakaingia mdomoni, na nikasema moyoni, "Imana, Mungu wangu, mwanangu umemweka wapi?" Miezi yote ile nilikuwa natafuta sala, kumbe sala yenyewe ilikuwa hiyo, nilikuwa naogopa kuisema kwa sababu haina adabu. Sikujibiwa. Lakini nilijua nimesikilizwa, kama unavyojua gizani kwamba mtu yuko chumbani. Nilitaka aendelee tu, amalize, nilitaka nione wimbo ule unanifikisha wapi.

Ukagonga benchi. Mara tatu, kwa vifundo vya vidole, kama unavyotugongea sisi tukikosea. Alinyamaza katikati ya neno. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa, akatoka nje ameinama.

Baada ya Misa ulitukusanya nyuma ya kanisa. Ulikuwa umekasirika mpaka mdomo ulikuwa mkavu. "Wimbo wa kulaza watoto umeingiaje mbele ya Ekaristi? Wamemaliza miti yetu, sasa wanataka na altare?" Kila mtu alikuwa amekwisha kuibiwa muhogo mwaka ule, kwa hiyo kila mtu akatikisa kichwa kukubali. Mimi pia nilitikisa, na uso wangu ulikuwa bado umelowa. Jibu nilikuja kulipata baadaye, nikipepeta mtama, nikalisema kwa sauti peke yangu uani: na Bikira Maria, Mwalimu, wa kwake alimbembeleza kwa nota gani? Alikuwa na karatasi ya saruji ukutani?

Lakini siku ile sikuwa nalo. Na wewe ukanitazama mimi. "Leokadia, lugha yao unaiweza. Mwambie wana Misa yao kambini. Hapa tunaimba Kiswahili, na tunaimba tulichofanyia mazoezi." Lugha yao! Mama yako alikulea kwa lugha gani, Mwalimu? Nilimfahamu mama yako. Hakujua hata kuhesabu kwa Kiswahili.

Nilikwenda. Hili ni langu, sikubandikii wewe. Jumapili iliyofuata nilimsimamisha mlangoni, nikamwambia yote kama ulivyonituma, na nikaongeza la kwangu, kwamba asije akajisikia vibaya. Aliutazama mdomo wangu muda mrefu. Akasema, "Ndiyo, dada," akaikaza mbeleko yake, akaondoka. Nikaingia ndani nikaimba sauti ya pili. Kile kilichokuwa kimefunguka ndani yangu kilijifunga hapo hapo, nikasikia kabisa kinavyofunga, na miaka mitano imepita.

Miaka mitano nimekaa nikiamini hukuelewa. Nilikutetea. Nilijiambia, huyu mzee alifundishwa na mapadri wakali, masikio yake yametengenezwa hivyo, hawezi kusikia kisichoandikwa. Nilikuonea huruma hata.

Juzi Mama Yustina, mjane wako, alinitumia mtoto aniite. Alikuwa amekaa jamvini, madaftari yako yamefungwa kwa kamba ya mgomba. "Chukua, mwanangu. Mwarimu wako arisema ni ya kwako," akasema, halafu akafuta macho kwa ncha ya khanga na akaniuliza kama nimekula. Mkeo ni mtu mwema. Nilimwamkia yeye vizuri.

Nilifungulia nyumbani, juani, nikaanza na lile la zamani, na kwa kuwa jalada la mbele limeliwa na mchwa nikaanza nyuma. Wimbo wa Spesioza ulikuwa pale. Mwandiko wako, kalamu nyekundu. Nota zote. Maneno ya Kirundi yote, bila kosa, mpaka mvua iliyopita upande wa pili. Pale sauti yake iliponing'inia, kati ya mi na fa, uliandika ukafuta, ukaandika ukafuta, mpaka karatasi ikatoboka, mwisho ukaweka msalaba mdogo tu kwa sababu nota ya kitu kile haipo. Ulimsikia mara moja ukamshika wote. Mimi nisingeweza.

Kisha kurasa saba za miisho. Maana hukuwa na mwisho, ulikuwa umeukata mwenyewe. Kuna mwisho wa penseli, wa wino wa bluu, wa kalamu iliyokuwa inakaribia kuisha. Miaka na miaka ulikuwa unamtafutia mwanamke yule maneno uliyomnyima nafasi ya kuyasema. Chini ya mmoja umeandika, "Hapana." Chini ya wa mwisho, ambapo mkono wako ulikuwa umeanza kutetemeka kwa ugonjwa, umeandika, "Si hivi."

Kwa hiyo ulisikia.

Hilo ndilo linanichoma. Ungekuwa kiziwi ningekusamehe, viziwi wamejaa kwenye makwaya ya dunia hii. Lakini wewe ulisikia, Jumapili ileile, dakika ileile na mimi. Kilichoingia kwangu kiliingia na kwako. Ukakigonga kwa mkono, halafu ukaenda nyumbani ukakiandika kwa mkono huohuo, ukakificha. Ulikuwa unakila peke yako. Mimi nimesimama mbele yako kila Jumamosi mazoezini, mkavu, unaniona nilivyo mkavu, nilikuambia kwa mdomo wangu kwamba nimekauka, na wewe una chemchemi chini ya kitanda chako! Uliniambia nirekebishe fa!

Nimeacha kuandika kidogo nikaenda kufunga mbuzi. Nimerudi. Hasira haijapungua.

Alhamisi nilikwenda kambini. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, Mwalimu. Saa tatu tu. Wewe ulikuwa unakwenda Kabanga, mbali kuliko huko, kutafuta karatasi za kaboni. Nilikuwa nimesikia kwamba wengine wamehamishwa, wengine wamerudi kwao, nikaenda nikiwa nimejiandaa kumkosa. Nilimkuta kwenye foleni ya maji, dumu la njano miguuni. Nywele zake zimeingia mvi na tuko rika moja.

Nilianza kwa kuomba msamaha. Aliniuliza, "Wewe ni yule wa mlangoni?" Nikasema ndiyo. Kisha nikatoa daftari, nikamwambia aliyeandika ni yule aliyegonga benchi, na kwa kuwa sikujua lingine la kufanya, nikaimba. Nilimwimbia nota zako na maneno yake, palepale, wanawake wa foleni wakanyamaza mmoja mmoja. Nilipofika kwenye msalaba wako alitikisa kichwa, akaniondolea sauti yangu, akaiweka mahali pake kwa sauti yake mwenyewe, mara moja tu, kutoka kooni, akanyamaza. Nikaendelea mpaka pale ulipogonga. Nikasimama. Hakukuwa na kitu mbele.

Nikamwomba mwisho. Nilimwambia kwamba nahitaji, kwamba nina mtoto kaburini, kwamba ni mimi mwenyewe, si kwaya. Alinisikiliza. Akasema, "Hicho alichokichukua, kiimbeni. Mwisho wake sitoi." Nikasema nimeelewa, ingawa ndani nililia kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Akauliza, "Na yeye kwa nini hakuja mwenyewe?" Nikamwambia umekufa, tunakukumbuka Jumapili. Foleni ikasogea, akasukuma dumu lake kwa mguu. Hakusema pole. Akanipa ujumbe wa kukuletea wewe.

Nikamwambia, dada, wafu hawapelekewi salamu. Akasema, "Wa kwake kuja kwangu uliuleta. Na wangu upeleke."

Ndiyo sababu ya barua hii. Kama si yeye nisingekuandikia hata mstari.

Kwanza sikia nitakavyofanya, maana hii ni ahadi. Kwaya naichukua, nimekwisha kumwambia Katekista. Jumapili, baada ya komunyo, nitauanzisha wimbo wa Spesioza, peke yangu, kwa lugha ya mama yako. Vikongwe watanipokea, nina hakika. Tutafika pale ulipomkatiza na hapo tutaishia, hakuna atakayeongeza nota, hata moja kati ya zile zako za kurasa saba. Tutabaki hivyo. Kisha nitasimama mbele ya watu niseme ni nani aliyekatizwa, ni nani aliyekatiza, na ni mdomo wa nani uliompeleka mlangoni. Mama Yustina atakuwa benchi la kwanza na itamuuma. Nitakwenda kwake kesho nimwambie kabla, asije akasikia hadharani. Kila Alhamisi nitakwenda kambini kumbebea Spesioza dumu, na mwisho wa wimbo sitamwuliza tena. Akiutoa ametoa. Asipoutoa, nitasali na hicho nilicho nacho. Tangu Alhamisi nimesali mara mbili, vibaya, kwa kugombana, lakini nimesali.

Raha ya milele nitakuombea pamoja na wengine kwa sababu Kanisa limeagiza. Kwa moyo wangu, bado. Huenda ikaja, huenda isije. Usiningoje.

Kwaheri, Mwalimu. Ujumbe wako ni huu, nimeushika njia nzima nisiupoteze hata neno: "Mwambie tukikutana huko aliko, asigonge kitu. Aniache nimalize."

Leokadia